Gobore, Kaliba na Kibali

Mwaka 1888 Konseli wa Uingereza mjini Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa masalia ya majeshi ya Ulaya. Kila jeshi lilipopata silaha mpya, zile kuukuu ziliuzwa kwa wafanyabiashara kwa bei ya chini, zikavuka bahari, zikashushwa Unguja na katika bandari za mrima, kisha zikapanda bara mabegani mwa wapagazi kwa njia zile zile zilizoteremsha pembe za ndovu. Bunduki ilileta pembe, na pembe ikanunua bunduki nyingine.

Silaha yenyewe ilikuwa gobore, na kabla yake gumegume lililowashwa kwa cheche za jiwe. Gobore hulishwa kwa mdomo. Mwindaji hupima baruti, akaimimina mtutuni, akasokomeza makumbi ya nazi au kipande cha nguo, akashindilia kwa mdeki mpaka mdeki wenyewe uanze kumrudi mkononi. Kisha hutia risasi, akashindilia tena, na mwisho hubandika fataki mahali nyundo ya mtambo itakapoangukia. Baruti ikiloa, haiwaki. Ikizidi kipimo, mtutu humpasukia mwenyewe usoni. Baada ya mlio mmoja moshi mzito hutanda mbele yake, na hana risasi ya pili mpaka airudie kazi yote hiyo tangu mwanzo, tena pengine ndovu akiwa anamjia.

Kwa hiyo ndovu hakupigwa gobore kutoka mbali. Wamakua wa kusini, ambao sifa yao ya kuwinda ndovu ilivuka mto Ruvuma na kuenea bara, walimnyatia mnyama dhidi ya upepo mpaka wakawa karibu naye mno, ndipo wakafyatua. Wakamba walifanya hivyo kwa upinde na mshale wa sumu kabla hawajashika bunduki, na wengi wao hawakuuacha upinde hata baada ya bunduki kufika. Silaha dhaifu ilimlazimu mwindaji amjue mnyama wake kwa undani: usikivu wake, njia zake za maji, saa anazolala.

Mzungu naye alianzia pale pale. Frederick Courteney Selous, ambaye jina lake baadaye lilipewa pori kubwa la akiba la kusini mwa Tanzania, alifika Afrika Kusini mwaka 1871 akiwa kijana wa miaka 19. Alianza kuwinda ndovu kwa bunduki ya kushindilia yenye mtutu laini, kubwa ajabu, iliyorusha risasi ya zaidi ya gramu 100. Katika miaka yake ya mwanzo aliua ndovu 78. Mwenyewe aliandika kwamba teke la bunduki zile lilimharibu mishipa ya fahamu, na kwamba madhara yake kwenye shabaha yake hayakumtoka tena. Mmakua wa Ruvuma na Mwingereza huyu walikuwa na silaha za aina moja na walikabili hatari moja.

Kilichowatenganisha ni mambo mawili yaliyokuja karibu kwa pamoja. La kwanza lilikuwa ugunduzi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kuliko ile nyeusi. Haukupita muda mrefu, bunduki zikawa nyembamba na nyepesi zaidi, risasi zikaenda kasi zaidi, na michirizi ya ndani ya mtutu, iliyokuwa ikijulikana tangu zamani, ikaizungusha risasi ifike ilikolengwa. Mwindaji aliweza sasa kupiga risasi kadhaa mfululizo bila kushindilia chochote na bila wingu la moshi kumfichulia mnyama alipo adui yake.

La pili lilikuwa sheria. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha: katika eneo kubwa la Afrika, kati ya digrii 20 kaskazini ya ikweta na digrii 22 kusini, uingizaji wa bunduki, hasa zile za kisasa zenye mitutu ya michirizi, ulipigwa marufuku isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara ziliachiwa mwanya, ziuzwe chini ya uangalizi wa serikali. Sababu iliyotolewa haikuwa ya uongo, kwani bunduki zilizokwenda bara zilikamata watu kama zilivyoua ndovu, na vijiji vilivyochomwa vilikuwa vya kweli. Lakini matokeo yake yalidumu muda mrefu kuliko utumwa wenyewe. Mwafrika aliwekwa kwenye gobore kwa nguvu ya sheria, wakati ule ule gobore lilipokuwa linapitwa na wakati. Tangu hapo, aliyetaka kujua mtu anawinda kwa silaha gani hakuhitaji kuuliza anawinda mnyama gani. Ilitosha kujua yeye ni nani.

Katika koloni la Wajerumani sheria ya wanyama ilifuata upesi. Mei 1896 Gavana Hermann von Wissmann, yule yule aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri miaka michache kabla, alitoa amri ya kwanza ya jumla ya uwindaji. Uwindaji ukawa wa kibali, wanyama wakubwa kama ndovu na kifaru wakawekewa ada, na yakatengwa maeneo mawili ya hifadhi, moja upande wa magharibi wa Kilimanjaro na jingine Rufiji. Pori la Selous lina mizizi yake hapo. Wissmann alikuwa ameona pembe zinavyopungua, na hofu yake kwamba ndovu watakwisha ilikuwa na msingi. Ila watu wa Rufiji, Matumbi na Liwale waliamka asubuhi moja wakakuta kazi ya baba zao imekuwa kosa la jinai.

Julai 1905, katika nchi ya Matumbi, vita vya Maji Maji vilianza. Vitabu vya shule vinataja pamba, kodi na kazi za shuruti, na ndivyo ilivyokuwa. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameongeza jambo ambalo naona halijapewa nafasi yake: kwamba sehemu nyingi zilizoinuka zilikuwa nchi za wawindaji wa ndovu, na kwamba kubanwa kwa uwindaji na biashara ya pembe kulikuwa miongoni mwa vidonda vilivyowasukuma watu vitani. Waliopigana walikuwa na mikuki, mishale na magobore. Waliwakabili askari wenye bunduki za kisasa na mizinga ya bombomu, na kila mtu anajua yaliyotokea. Vita vilipozimwa, walioshindwa walitakiwa kutoa silaha zao.

Kwa upande wa Waingereza mambo yalikwenda kwa karatasi zaidi. Tarehe 19 Mei 1900 mataifa ya Ulaya yenye makoloni yalitia sahihi huko London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Haukuridhiwa na wote, lakini mengi yaliyomo yaliingia katika sheria za makoloni moja baada ya jingine. Nyavu na mashimo ya kutegea wanyama vilikatazwa. Simba, chui na fisi waliwekwa katika orodha ya wanyama waharibifu ambao ilifaa wapunguzwe. Ukisoma orodha ya yaliyokatazwa, unaona ni njia za mtu asiye na bunduki. Njia ya mwenye bunduki haikukatazwa. Iliwekewa bei.

Bei yenyewe inajulikana. Theodore Roosevelt alipomaliza urais wa Marekani na kushuka Mombasa Aprili 1909, kibali cha mwindaji mgeni katika Afrika Mashariki ya Kiingereza kiligharimu rupia 750, yaani pauni 50. Pesa hiyo ilimpa haki ya kuua idadi iliyotajwa ya kila mnyama, ndovu wakiwemo. Roosevelt na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari ile, wakiwemo simba 17, ndovu 11 na faru 20, na wengi wao wakapelekwa jumba la makumbusho la Washington.

Silaha zake zilichaguliwa kwa makini, na uchaguzi ule unafundisha. Alikuwa na bunduki ya jeshi la Marekani aina ya Springfield kwa swala na wanyama wa mbali, Winchester ya kaliba (yaani kipenyo cha mtutu) .405 ambayo aliiamini sana kwa simba, na kwa ndovu na faru bunduki nzito ya mitutu miwili iliyotengenezwa na Holland & Holland, zawadi ya marafiki zake wa Uingereza. Mitutu miwili ina maana yake. Bunduki ya kukoki hubeba risasi nyingi zaidi, lakini kati ya risasi na risasi mkono lazima ufanye kazi. Ile ya mitutu miwili hutoa risasi ya pili papo hapo, bila kuiondoa begani. Kwenye misitu ya Mlima Kenya Roosevelt alimwangusha ndovu wake wa kwanza kwa risasi zote mbili. Kabla hajaweka nyingine, ndovu dume mwingine alitokea kichakani akapita karibu kiasi cha kuweza kumfikia kwa mkonga. Bunduki ya rais ilikuwa tupu. Mwindaji aliyekuwa akimwongoza, Cuninghame, ndiye aliyefyatua na kumgeuza mnyama.

Nyuma ya Roosevelt walitembea wabeba bunduki wake, na katika kitabu chake aliwataja kwa majina, Muhamed na Bakari. Kazi yao ilikuwa kumpa silaha sahihi kwa wakati sahihi, kuijaza, kuisafisha jioni, na kutokimbia. Mbeba bunduki mzuri alijua tofauti ya kila kaliba kuliko wageni wengi walioziagiza. Aliibeba bunduki ya thamani kubwa kuliko mali yote ya ukoo wake, akaijaza na kuifungua, na safari ilipokwisha akairudisha kwenye sanduku. Kibali cha kuimiliki hakikuwa kitu cha yeye kuomba. Mara nyingi nikisoma vitabu vya wawindaji wa zama zile nawatafuta watu hawa, na mara nyingi nawapata katika picha tu, wamesimama pembeni ya mzoga.

Kuhusu bunduki nzito zenyewe, sheria ilikuwa imekwisha kuzibadilisha kabla Roosevelt hajafika. Mwaka 1898 kampuni ya Rigby ilitoa risasi ya kaliba .450 yenye baruti isiyo na moshi, ikapendwa mno na wawindaji wa ndovu. Lakini bunduki za jeshi la Uingereza aina ya Martini-Henry, ambazo nyingi zilikuwa mikononi mwa watu wasiotawalika, zilikuwa na mtutu wa kipenyo hicho hicho. Serikali iliogopa risasi za wawindaji zisije zikatengenezwa upya zikapiga askari wake. Kwa hiyo mwaka 1907 kaliba .450 ilipigwa marufuku India na Sudani. Mafundi wa bunduki wa London hawakulalamika sana. Walirudi kwenye karakana, wakaongeza au kupunguza sehemu ndogo ya inchi, na ndani ya muda mfupi zikatoka .470, .465 na .475. Hadi leo .470 ndiyo bunduki ambayo wengi huitaja wanapozungumzia ndovu na nyati, na wachache wanajua kwamba chanzo chake ni hofu ya maasi.

Mjerumani alikuwa na shida nyingine: gharama. Bunduki za mitutu miwili za London zilikuwa ghali mno kwa mlowezi wa shamba la mkonge. Mwaka 1905 Otto Bock wa Berlin alibuni risasi ya milimita 9.3 ambayo iliingia kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser bila kuhitaji mtambo mkubwa zaidi. Ilikuwa rahisi, imara, na nzito ya kutosha kwa nyati, ikasambaa upesi katika koloni. Kisha zikaja risasi mbili za Waingereza zilizodumu kuliko nyingine nyingi: .416 ya Rigby mwaka 1911 na .375 ya Holland & Holland mwaka 1912.

Wakati huo huo alikuwepo mtu mmoja aliyeonekana kupinga hesabu zote hizi. Walter Bell, Mskochi aliyewinda sana nchi ya Karamoja hata akaitwa kwa jina hilo, aliua ndovu zaidi ya 1,000 katika maisha yake, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 iliyorusha risasi ya gramu 11 hivi. Risasi ya .470 ina uzito karibu mara tatu ya hiyo. Siri yake haikuwa bunduki. Bell alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili aone ubongo umelala wapi. Ubongo wa ndovu una uzito wa kilo 5 hivi, umefichwa nyuma kabisa ya kichwa kikubwa, na mbele yake kuna mfupa mnene wenye matundu kama sega la nyuki. Risasi ikipita upande, juu kidogo au chini kidogo, ndovu hutikisa kichwa na kwenda zake na maumivu, au humgeukia mpigaji. Bell alijua pembe ya kila risasi, kutoka mbele, ubavuni na nyuma, na alitumia risasi ngumu iliyofunikwa chuma isiyopondeka kwenye mfupa.

Hoja ya Bell imepotosha wengi. Wanaomtaja husema: ukiwa na shabaha, bunduki ndogo yatosha. Ilimtosha Bell, mtu aliyekuwa ameshafanya kazi hiyo kwa miaka na kuufungua mwili wa mnyama kwa mikono yake. Mgeni wa wiki tatu, mwenye moyo unaodunda na jasho machoni, si Bell. Hapa nadhani sheria zilifanya haki. Serikali za makoloni, na baadaye serikali huru, ziliweka kaliba ya chini kabisa kwa wanyama hatari ili asiachwe ndovu au nyati na jeraha, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa jioni hulipiza kwa yeyote anayepita kesho yake, mara nyingi mwanamke anayetafuta kuni au mtoto anayepeleka ng'ombe majini. Kanuni za uwindaji wa Tanzania zimeweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hao wakubwa, na risasi ile ya mwaka 1912 ikawa kipimo cha kisheria. Kumfukuza mnyama kwa gari, kumtegea shimo, kumwekea sumu au kumwinda usiku kwa taa, yote ni makosa, na silaha zinazofyatua mfululizo hazina nafasi.

Ni chini ya sheria za aina hii kwamba Waata wa nyika ya Tsavo, nchini Kenya, walitiwa nguvuni. Watu hawa, ambao Wazungu waliwaita Waliangulu, waliwinda ndovu kwa upinde ambao kuuvuta kulihitaji nguvu ya kunyanyua zaidi ya kilo 50, wengine zaidi sana. Mshale ulipakwa sumu iliyochemshwa kutoka kwa mti wa msunguti, ikafungwa kwa ngozi laini isikauke wala isimguse mwenyewe. Sumu ikiwa mbichi na mshale ukiingia tumboni, ndovu hakwenda mbali. Ikiwa imechakaa, mnyama aliteseka. Waata walilijua hilo na walijali sana ubora wa sumu yao, kama wengine walivyojali ubora wa risasi. Lakini katika sheria ya Kenya hawakuwa wawindaji. Mwaka 1956 na 1957 David Sheldrick na Bill Woodley wa hifadhi ya Tsavo waliongoza msako mkubwa, wengi wao wakafungwa, na jamii nzima ikakaa bila watafutaji. Mwaka 1960 ulianzishwa mradi wa Galana ili kuwapa uwindaji halali katika ardhi yao. Haukudumu.

Baada ya uhuru sheria zilibadilika majina kuliko zilivyobadilika moyo. Tanzania ilisimamisha uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978 chini ya mkono wa serikali. Kenya iliupiga marufuku kabisa Mei 1977, na marufuku hiyo bado ipo. Mjadala kuhusu nchi ipi ilifanya vizuri zaidi haujaisha, nami sioni kuwa idadi za wanyama zinaupa upande wowote ushindi wa wazi.

Kilichofuata hakikuwa na mfano. Vita vya Uganda, Somalia na Msumbiji vilimwaga bunduki za kivita katika ukanda mzima, na bei ya pembe ikapanda. Katika Selous, ndovu walikuwa zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1989 walibaki karibu 30,000. Mwaka huo serikali ilianza Operesheni Uhai, jeshi na polisi wakaingia porini, na Oktoba biashara ya kimataifa ya pembe ikapigwa marufuku kupitia mkataba wa CITES, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioipigania. Ndovu wakaongezeka tena. Kisha wimbi la pili likaja: hesabu ya nchi nzima ilitoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014.

Katika wimbi hilo askari wa wanyamapori hawakukamata bunduki za kivita tu. Walikamata magobore, na walikamata pia bunduki za kuwindia za .375 na .458, silaha zile zile ambazo sheria iliziteua ili ndovu afe upesi. Jangili naye alitaka ndovu afe upesi, bila milio mingi ya kuwaita askari. Baadhi ya bunduki hizo zilikuwa na vibali halali na ziliazimwa au kukodishwa na wenye nazo. Karne nzima ya kubishana juu ya kipenyo cha risasi haikuwa imegusa swali la nani anaifungua kabati usiku na kumkabidhi nani.

Mwaka 2015 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi badala ya ile ya 1991, na mara kwa mara polisi hutangaza muda wa watu kusalimisha kwa hiari silaha zisizo na kibali. Katika picha za makabidhiano hayo yanayotoka mikoa ya kusini na magharibi, silaha nyingi zinazopangwa mezani ni magobore yaliyofuliwa vijijini, mitutu yake ikiwa vipande vya bomba la maji na vitako vyake vya mninga. Wenyewe husema waliyashika kwa ajili ya kanga, ngedere na nguruwe wanaomaliza mahindi. Wakisharudi nyumbani bila gobore, ngedere bado yuko shambani, na ndovu akija ni lazima wamsubiri askari mwenye .375, ambaye kambi yake mara nyingi iko mbali.